Ombi la Kuondolewa Mji wa Korintho Nyuma ya Ghala la Pamba, Bariadi

Kituo cha Elimu kwa Masafa,
S.L.P. (namba naificha),
Bariadi, Mkoa wa Shinyanga.
Septemba 1999

Ndugu Mhariri wa Barua za Wasomaji,

Shikamoo. Kama umenizidi umri ipokee, na kama nimekuzidi iweke akiba. Kabla hujasoma mstari wa pili naomba ufunge mlango, na kama chumba chako hakina mlango, soma kwa macho tu bila kutikisa midomo. Yote yaliyomo humu ni siri. Najua kazi ya gazeti ni kuchapisha barua za wasomaji. Mimi naomba nipewe huduma ya kutochapishwa. Nimekuchagua wewe kwa sababu ofisi nyingine zote nilizofikiria zinajuana. Barua ya malalamiko ikitoka hapa kwenda juu hurudi mezani kwa mlalamikaji kabla wino haujakauka, ikiwa imeandikwa pembeni "jieleze". Wewe uko mbali, hunijui, na huna mjomba Bariadi. Nimeuliza.

Lalamiko langu ni kwamba nimepewa kazi mbili ambazo hazikupaswa kukutana katika mwili wa mtu mmoja, na kwamba kwa sababu hiyo kuna mji wa Wayunani wa kale nyuma ya ghala la pamba. Jumamosi ijayo mji huo utanifukuzisha kazi. Naomba uondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Niliajiriwa kama karani wa masijala. Nilikuwa napokea barua, naziandikia namba na kuziweka kwenye mafaili, na nilikuwa na furaha ya kiasi. Kisha akaletwa mkuu wa kituo, Dokta Constantine Mayige, mzaliwa wa Nassa. Sina lalamiko juu ya tabia yake, anasalimia hadi walinzi. Lakini mtu huyu anajua vitu viwili. Kwanza ni mtaalamu wa teknolojia ya elimu: kazi yake ni kuwaonyesha wahadhiri namna ya kufundisha kwa video, projekta na kompyuta, ili mwanafunzi aliyeko kijijini kwetu Kimali asome sawa na aliyeko mjini. Pili ni mwanaakiolojia wa miji ya kale iliyozunguka Bahari ya Mediteranea, na ameichimba kwa mikono yake mwenyewe. Zamani mambo hayo yangekuwa ofisi mbili, wakuu wawili na birika mbili za chai. Lakini ulipokuja mpango wa kupunguza wafanyakazi, chuo kikaona kwamba anayejua viwili anagharimu kimoja, vyeo vikaunganishwa. Na kwa kuwa mkuu ameunganishwa, msaidizi naye hana budi. Leo mimi ni Karani, Mwendesha Jenereta na Msaidizi wa Teknolojia ya Elimu na Miji ya Kale ya Mediteranea. Mhuri wangu haupati karatasi ya kuutosha. Nikigonga, neno "Karani" linabaki kwenye barua na Mediteranea inabaki kwenye meza.

2. Dokta anaamini kwamba mtu hawezi kujifunza kuchimba kwa kutazama televisheni, kama vile hawezi kujifunza kukamua ng'ombe kwa kutazama televisheni. Hapo nilikubaliana naye, na ndipo nilipokosea. Alisema: basi tujenge mji, tuuzike, tupige video hatua zote, na wanafunzi waje likizo waufukue kama mtihani. Kituo chetu kimepanga nusu ya ghala la zamani la ushirika, na nusu nyingine kapanga mnunuzi binafsi wa pamba. Nyuma ya ghala tukachimba hadi kwenye udongo mgumu wa kijivu, Dokta akasema tusishuke zaidi, hapo hapajaguswa na mtu. Juu yake tukaweka udongo mwekundu tulioletewa kwa trela, na humo tukawazika Wayunani. Juu ya Wayunani tukamwaga mchanga wa mtoni, tukawazika Warumi. Mji ukaitwa Korintho. Dokta akaniapisha nisimwambie mtu yeyote kitu gani kiko wapi, wanafunzi wasije wakaiba mtihani. Sasa yeye yuko safarini, na katika wilaya nzima ni mimi peke yangu ninayejua hekalu liko wapi. Watu wanaanika mpunga juu yake na mimi nanyamaza.

3. Vyungu vya Wayunani alivifinyanga Mama Kwandu wa Ipililo. Dokta alimwonyesha picha kwenye kompyuta, naye akaitazama kompyuta kwa adabu, kisha akauliza: "Mikono miwili ya nini? Hawa watu walikuwa wananyang'anyana maji?" Alivifinyanga vizuri mno. Tatizo lilikuja tulipomweleza kwamba sasa vinatakiwa vivunjwe. Alikaa chini. "Ng'wanawane," akaniambia mimi na siyo Dokta, kwa kuwa aliona mimi bado naweza kutibika, "mwanangu, kama mlitaka vigae si mngesema? Kwangu vimejaa uani." Tukavunja hata hivyo, yeye akiwa ametupa mgongo. Nilikuja kugundua baadaye kwamba tulivunja vitatu tu. Vingine alivibeba vizima chini ya kanga, akatujazia kikapu kwa vigae vya uani kwake. Kwa hiyo Korintho, ukiitazama kwa haki, sehemu kubwa ni Ipililo. Dokta hajui. Kuna kigae kimoja anachokipenda sana, anasema kina masizi kama ya jiko la Kirumi hasa. Yale ni maharage.

4. Nilitumwa nitafute wachimbaji watulivu wa kufanya majaribio kabla wanafunzi hawajafika. Nikamleta Mzee Mashimba na chama chake cha bugobogobo, ambao kama hujawahi kuwaona ni watu wanaolima kwa ngoma, wamejipanga mstari mmoja, jembe linarushwa juu na kudakwa. Sikujua wengine watulivu. Dokta akampa kila mmoja mwiko mdogo wa fundi na brashi ya rangi. Mzee Mashimba akaigeuza brashi, akauliza ni ya kuchimbia au ya kunyolea, akaiweka mfukoni, akampa ishara mpiga ngoma. Dola ya Kirumi, ambayo Dokta anasema ilisumbua dunia kwa karne nyingi, ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Dokta hakukasirika. Alipiga video yote, na kaseti hiyo sasa inaonyeshwa kwa wanafunzi kama mfano wa uchimbaji usiotakiwa. Mzee Mashimba ameambiwa tu kwamba anaonyeshwa vyuoni. Siku hizi anaitikia "shikamoo mwalimu".

Ilibidi tuwazike Warumi upya.

5. Habari zikatoka. Mimi sikusema, lakini ngoma ilisema. Wapo walioamini tumepata rupia za Mjerumani, na hao walinifuata nyuma kila nilipokwenda kujisaidia. Mwinjilisti Elia, ambaye ni mtu ninayemheshimu, alikuja na Biblia na jembe la mkono. Akaniambia: "Kijana, alichowaandikia Paulo tumekisoma. Wao walijibu nini? Haiwezekani watu wakemewe vile halafu wanyamaze." Nikamwambia majibu hayajapatikana. Akaniangalia kwa huruma, akasema anaelewa kwamba niko kazini, na kwamba nikiyapata nimwonyeshe yeye kabla ya Wakatoliki. Mnunuzi wa pamba naye akatoka upande wake wa ghala na mizani begani. Alisema soko sasa ni huria, kila kitu kina bei, na kama Wayunani hawana chama cha ushirika basi yuko tayari kuwanunua kwa kilo. Aliuliza pia kama wako daraja la kwanza.

6. Sasa nafika penye moyo wa jambo, naomba uhakikishe mlango umefungwa. Dokta amesafiri kwenda mkutanoni ng'ambo kuwaeleza wenzake maajabu ya Bariadi. Mimi ameniacha kaimu. Jumatatu imekuja barua kutoka makao makuu: kamati inapita kukagua vituo ili ijue vipi vifungwe, na Jumamosi itafika hapa ili "kujionea mji wa kale uliogunduliwa". Uliogunduliwa! Nimelisoma neno hilo kwa mwanga wa dirishani, kisha kwa taa. Nikisimama mbele ya kamati nikasema mji huu tumeuzika wenyewe, wataona kituo kinachimba mashimo na kuyafukia, na jina langu litakuwa la kwanza kwenye orodha ya kupunguzwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimeidanganya Serikali kwa kutumia Wayunani, kosa ambalo nimelitafuta kwenye Kanuni za Utumishi na sikulikuta, maana yake adhabu yake bado inabuniwa. Sina kazi nyingine. Kimali nyumbani wamekwisha kuambiana kwamba mimi ni mtu wa ofisi, na baba amebadilisha namna anavyokaa kwenye kiti.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima, unisaidie kuzifikisha rai zifuatazo mahali panapohusika, bila kusema zimetoka wapi. Kwanza, Korintho ihamishiwe wilaya nyingine yenye uwezo, kwa mfano Maswa. Ikishindikana, ubalozi wa Wayunani ujulishwe uje kuwachukua watu wake, sisi tutatoa magunia. Ikishindikana hilo pia, itungwe sheria kwamba mtu mmoja ajue kitu kimoja. Usione ni jambo dogo. Hapa mtaani tunaye fundi baiskeli ambaye pia ni katekista, na mteja aliyempelekea pancha alirudishiwa baiskeli ikiwa bado na pancha, ila yeye mwenyewe amebatizwa. Kama tungekuwa na sheria hii tangu mwanzo, mwenye video angebaki na video, mwenye mashimo angebaki na mashimo, nami ningekuwa masijala sasa hivi nimekaa kwenye kivuli, naandika namba.

Nisalimie wapiga chapa wote, wasomaji wa prufu, mabinti wa matangazo, dereva wa gari la magazeti, mama watoto kama yupo, na watoto kama wamefunga shule. Wape salamu wote bila kuwaambia zinatoka kwa nani.

Ni mimi mtiifu wako,
Karani (jina ninalo)

N.B. Hapa naandika kwa mkono, nisamehe, utepe wa mashine umekwisha. Ndiyo sababu sikuichapa upya barua hii, ingawa leo ni Alhamisi na hakuna neno hapo juu ambalo bado nalitaka.

Asubuhi nilikwenda kuing'oa Korintho peke yangu, ili kamati ikija ikute shimo tupu na mtu mnyonge. Nikatoa Warumi, nikatoa Wayunani. Kwa woga sikuona nilipofika, nikaupita udongo mwekundu, nikaingia ule wa kijivu tuliokatazwa. Ghafla ukageuka mweusi. Nikapiga magoti. Palikuwa na mawe matatu, yamekaa kama mafiga yanavyokaa, na katikati majivu yaliyoshikana kama ugali wa jana. Pembeni kigae kimoja, kinene, kimechorwa mistari iliyolala upande. Ndugu Mhariri, sisi hatukukizika kile. Mimi ndiye niliyezika kila kitu, nakuhakikishia.

Nilimwita Mama Kwandu. Alikigeuza huku na huku, akasema hakijui. Si chake, si cha mama yake, na mistari ile hajawahi kuiona Ipililo wala kwingine. Kisha akapitisha kidole gumba pale mstari ulipoteleza, akacheka peke yake. "Huyu alikuwa na haraka," akasema. "Labda mtoto alikuwa analia."

Tangu hapo sijatoka shimoni isipokuwa kuja kuandika haya. Nimefunika kwa turubai, nimezungusha kamba pembeni, nimepiga video kila upande kama Dokta alivyonifundisha, nimepima, nimechora, jenereta imekwisha mafuta na sikujali. Sijui ni wa lini. Sijui ni nani. Ila alipika hapa, na hakuwa Myunani.

Sasa tazama msiba wangu. Kwa hoja sita, zilizopangwa vizuri na kuchapwa kwa mashine, nimekuthibitishia kwamba kila kitu nyuma ya ghala hili ni cha kutengeneza. Nakuomba usiniamini huko juu, uniamini hapa chini. Sheria ya mtu mmoja kitu kimoja, ifute. Maswa wasipewe chochote. Kamati nitaipokea mwenyewe: nitawaonyesha kwanza tulichozika, na niseme tumekizika, kisha niwaonyeshe tusichozika, na wanifukuze baada ya hapo kama wataweza kunitoa.

Ila nitafutie mtu anayejua mambo haya, aje kabla ya mvua. Mwambie ashuke stendi ya Bariadi. Asiulize Korintho, atapelekwa kanisani. Asiulize mji wa kale, atapelekwa kwenye mizani. Aulize ghala la zamani la ushirika, alizunguke kwa upande wenye mkalitusi uliokatwa, avue viatu kabla ya kamba, asikanyage turubai. Asiniite kwa jina, akisikia mtu anakohoa chini ya ardhi ndiye mimi. Apige hodi polepole, udongo usije ukamwagika.