Awamu ya Kwanza ya Kuhamia Mwezini

Kwa furaha isiyo na kipimo, Idara ya Makazi ya Mwezini inautangazia umma kwamba nyumba zote sitini na mbili za Mwezini zimekamilika. Zimekamilika kwa maana ya kitaalamu: zimechorwa, zimepigwa mihuri na kuingizwa kwenye faili. Kilichobaki ni kuzijenga tu, na kujenga, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa ofisini, ndiyo sehemu nyepesi.

Mimi ni Katibu wa Idara. Nilikuwepo tangu kikao cha kwanza, kile kilichojadili rangi ya mapazia. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona, tena nikiwa nimekaa mbele.

Swali lilikuwa moja: nani ahamie kwanza? Mkurugenzi alisimama dirishani akitafakari mustakabali wa binadamu. Chini ya dirisha lile, nyuma tu ya ofisi yetu, kuna nyumba moja ya vyumba kumi na kimoja, watu thelathini na mmoja na choo kimoja. Na hapo ndipo Mkurugenzi alipotamani siku nyingi kuegesha magari ya Idara.

"Wale," alisema.

Tulipiga makofi. Uamuzi wa kisayansi ule. Hati ya kubomoa nyumba ilisainiwa siku hiyohiyo, kazi ifanyike baada ya wiki mbili, kwa sababu huwezi kumhamishia mtu Mwezini wakati bado ana pa kurudi.

Tukaenda kuwapa habari njema. Uani tulimkuta Shangazi, dobi. Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata Mkurugenzi, ambaye mashati yake hufuliwa pale. Amekaa nyumba ile miaka ishirini na sita, ameozesha mabinti wanne kwenye ua ule, na asiyemjua ama ni mgeni ama ana la kuficha.

Mkurugenzi akakohoa kikazi. "Wananchi, mmebahatika. Mnahamia Mwezini."

"Kuna maji?" akauliza kinyozi wa chumba cha tatu, bila kuacha kunyoa.

"Maji ni awamu ya tatu."

"Na hewa?"

"Hewa ni awamu ya nne."

"Sisi tunakwenda awamu ya ngapi?"

"Ya kwanza!" nikasema kwa fahari.

Mteja alicheka mpaka kinyozi akalazimika kuinua wembe.

"Huko," Mkurugenzi akaendelea, "uzito wa mtu unapungua mara sita."

Shangazi akakitazama kitambi cha Mkurugenzi, kitambi anachokijua kwa vipimo, maana vifungo vikikatika huvishona yeye. "Basi baba, mwenye haja na safari ni wewe. Na majirani je?"

"Hakuna bughudha ya majirani. Kutoka nyumba hadi nyumba ni kilomita arobaini."

Kinyozi akaweka wembe chini. Habari ya hewa waliichukulia mzaha; hii iliwachoma.

"Kilomita arobaini," Shangazi akasema taratibu. "Chumvi ikikuishia unamgongea nani? Ukiugua, nani atajua?"

"Kuna fomu," nikamtuliza.

Akaipokea, akavaa miwani, akaisoma yote. Hilo lilinishtua. Fomu zetu hazisomwi. Mimi mwenyewe niliyeiandika sijawahi kuimaliza. Alipofika kifungu cha tisa akakirudia kwa sauti: "Kuanzia siku ya kukabidhi chumba hadi siku ya kuruka, mhamiaji na mizigo yake watahifadhiwa na Idara katika ofisi zake."

Kifungu hicho nilikitunga ili kujaza ukurasa. Muhuri ulikuwa unaelea peke yake kwenye weupe, nikauonea huruma.

"Leteni kalamu," akasema Shangazi.

Wakasaini wote thelathini na mmoja, hata kitoto kichanga, kwa dole gumba. Mkurugenzi aliondoka pale akitembea kama mtu ambaye uzito wake umekwisha kupungua.

Jumatatu saa mbili asubuhi walifika ofisini na magodoro, mabeseni na kabati la milango mitatu.

"Tumekuja kusubiri," Shangazi akamwambia mlinzi. "Chombo kinaruka lini?"

"Shangazi, chombo chenyewe bado hakijaundwa."

"Hatuna haraka, mwanangu. Shika mlango huo vizuri, kabati lipite."

Tungefanya nini? Kifungu ni kifungu. Siku ya tatu kamba za nguo zilikuwa zimevuka ukumbi wa mikutano. Kinyozi aligundua kwamba kiti cha mwenyekiti kinazunguka, akasema kitu kama hicho alikuwa akikiota tangu ujana. Shangazi alichukua chumba cha Mkurugenzi kwa kuwa kina choo chake, na simu ikilia alipokea, kwani si adabu mtu aite asiitikiwe. Watu wenye shida walihudumiwa kabla kiti hakijapata joto. Baadhi yao wakaanza kuisifu Idara, jambo lililotutia hofu kubwa.

"Hapa mtu hawezi kufikiri," alisema Mkurugenzi.

Tukahamia kwa muda kwenye nyumba waliyoiacha. Vyumba kumi na kimoja, maofisa kumi na mmoja, nini tena? Chumba chenye dirisha tulikigombania vikao vitatu. Mimi nilipangiwa ubavuni mwa choo. Jioni ya pili nikasikia hodi: Mkurugenzi, na kikombe mkononi.

"Katibu, una chumvi?"

Nilikuwa nayo. Tukakaa kizingitini tukamsengenya Mhasibu mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka tisa kwenye ofisi moja, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Kwa raha hizo, hati ya kubomoa tuliisahau. Yenyewe haikutusahau.

Tingatinga lilifika saa moja asubuhi. Mkurugenzi alikuwa wa nne kwenye foleni ya choo, na fulana, taulo na ndala, mswaki mdomoni.

"Tokeni!" dereva akafoka kutoka juu. "Imeandikwa hapa: wakaidi watakaokutwa ndani wasisikilizwe."

"Mimi ndiye Mkurugenzi! Niliyesaini ni mimi!"

Dereva akamtazama kuanzia fulana hadi ndala. "Wiki iliyopita nyumba nyingine nilikuta mawaziri wawili na jaji. Toka, mzee."

"Ngoja nipige simu ofisini!"

"Piga. Mimi nasikiliza ofisi tu."

Simu iliita mara moja.

"Idara ya Makazi ya Mwezini, karibu."

"Shangazi! Tengua ile hati, haraka!"

"Haraka ya nini, baba? Hata salamu hakuna?"

Tingatinga likanguruma, ukuta wa uani ukamwaga vumbi.

"Shikamoo, Shangazi!" Mkurugenzi akapiga ukelele.

"Marahaba. Hati ninayo mezani, na muhuri ninao. Mpe simu huyo dereva."

Dereva alisikiliza. Akazima injini. Akavua kofia. "Ndiyo, mkuu. Ndiyo, mkuu. Nimeelewa." Kisha akarudisha simu. "Mkuu amesema nyumba isiguswe."

"Mkuu ni mimi!"

"Amesema wenyewe wanarudi kwao leo saa sita mchana. Nafasi zao za Mwezini wamewaachia nyinyi. Na kabla hamjatoka, mfagie."

Papo hapo niliitisha Kamati Ndogo ya Usafi. Kikao kilichukua dakika mbili, kifupi kuliko vyote tangu Idara ianzishwe. Ufagio ulikuwa mmoja. Kwa kura zote, akakabidhiwa Mkurugenzi.