Paja la Mrithi

Katika mji mzima wa Vijayawada hapakuwa na mtu aliyezijua filamu za mrithi aliyepotea kumshinda Pandu. Na asizijue vipi, naye alikuwa mlanguzi wa tiketi zake? Mtoto wa tajiri anapotea kwenye umati, analelewa na kuli, anarudi na masharubu kudai jumba lake. Hadithi hiyo ndiyo iliyomlisha.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya filamu, alimwona mzee akilia juu ya kikombe cha chai kama mtu aliyefiwa na mke na ng'ombe kwa mkupuo.

"Mzee wangu, unalia nini? Mwishoni atampata mama yake."

"Huyu atampata. Wetu je?"

Mzee akapenga kamasi. Jina lake Obulesu, msimamizi wa jumba la bibi Nagaratnamma, kule Rayalaseema kwenye mawe na jua. Mjukuu wa pekee wa bibi huyo alipotea akiwa mtoto, hapa hapa mjini, kwenye sikukuu ya kuoga katika mto Krishna.

"Angekuwa rika lako," alisema Obulesu. "Ana kovu la mwiko wa moto, bega la kushoto."

"La kushoto?"

"Karibu na shingo, mwanangu."

Mwenye akili angejiuliza kwa nini mzee anamwaga siri za nyumba kwa asiyemjua. Lakini tamaa ikibisha mlangoni, akili hutorokea dirishani. Pandu alirudi chumbani, akapasha mwiko wa chuma moto, akauma taulo, akajichoma begani. Kidonda kilipofunga, alipanda basi la kwenda Rayalaseema. Mpango wake ulikuwa mwepesi: aitwe mjukuu, aonyeshwe sanduku la bangili za dhahabu, kisha yeye na sanduku wapotee kwa mara ya pili.

Bibi Nagaratnamma alikuwa mdogo, mkavu kama ukwaju. Alilipapasa lile kovu kwa kidole.

"Linauma?"

"Lilipona zamani, bibi."

"Eeh. Mbona bado jekundu," akasema, akamkumbatia, akalia. Pandu naye akalia. Alishangaa kuona kwamba sehemu ya machozi yake haikuwa ya kuigiza. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaumwa.

Asubuhi wakamvisha shada la maua, wakampandisha kwenye gari la wazi, ngoma mbele, vijana wakipiga miluzi. Ilikuwa miluzi ile ile ya sinema, nayo ilimpanda kichwani kama pombe. Walipopita mbele ya lango la jirani, mzee Chennappa, aliyekuwa barazani akinywa kahawa, Pandu alisimama juu ya kiti. Akasokota masharubu. Akainua mguu, akapiga paja: paa!

Ngoma zikanyamaza.

Vijijini Rayalaseema, mtu hapigi paja mbele ya lango la mwenzake kwa furaha. Chennappa aliimwaga kahawa yake mchangani, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Vema," akasema. "Nimesikia."

Ndani ya lango lake, mtu akaanza kunoa mundu.

"Mzee Obulesu," alinong'ona Pandu, "amesikia nini?"

"Kwamba mtaendelea kuuana, bwana mdogo. Babu yako alimuua kaka yake Chennappa, wao wakamuua baba yako. Sasa wewe umesema uko tayari."

"Sijasema kitu!"

"Paja limesema."

Walipofika jumbani, Pandu aliulizia basi la kurudi mjini. Basi, aliambiwa, hupita mbele ya lango la Chennappa tu. Akakimbilia jikoni, akaanguka miguuni pa bibi.

"Bibi, nisamehe! Mimi si mjukuu wako! Mimi ni mlanguzi wa tiketi! Kovu nimejichoma mwenyewe!"

Bibi aliendelea kukanda tonge la ugali wa ulezi kwa mchuzi wa karanga.

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Wangu hakupotea. Nilimficha, nikatangaza kapotea. Yuko Hyderabad, anafundisha hesabu. Ana miwani, hawezi kuua hata mbu. Juzi juzi watu wa Chennappa walianza kumtafuta, ndipo Obulesu akaenda kunitafutia mtu wa kuonekana badala yake." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Tulitaka ukae barazani tu, uonwe, wao waache kutafuta. Nilikuwa nimekutengea bangili mbili na nauli. Hilo la paja hatukukutuma."

"Basi waambie! Waambie mimi ni tapeli!"

"Waambie wewe."

Pandu akatoka mpaka langoni, akapiga kelele kuelekea ng'ambo ya barabara: "Jamani, mimi ni mwongo! Mimi si mrithi!"

Kisha sauti ya Chennappa ikajibu, imejaa heshima: "Baba yako naye alikuwa hodari wa hila hivi hivi. Damu haipotei."

Obulesu akafunga lango kwa komeo. Bibi akamshika Pandu mkono, akamketisha kwenye kiti cha marehemu babu, akamwekea tonge mdomoni.

"Kula, mjukuu wangu," akasema. "Utahitaji nguvu."