Samaki wa Wazee

Jumanne, tarehe 3 Machi

Leo nimenyimwa samaki.

Si kwamba wameisha. Wapo, nawaona kwa macho yangu, wanachuruzika mafuta. Nimenyimwa kwa sababu eti mimi kijana. Mimi! Mtu wa miaka sitini na moja!

Habari yenyewe hii. Karibu na saiti yetu ya ujenzi hapa Thamesmead, London, kuna duka la chipsi. Mwenye duka ni Poonam, mama wa Kihindi, mkali, mikono miwili inafanya kazi ya watu sita. Jumanne na Ijumaa mchana anatoa ofa ya wazee, bei nafuu kwa wa sitini na kuendelea. Samaki mdogo wa kukaanga na unga, chipsi, njegere za kupondwa, mkate na siagi, chai. Wazee wanakaa meza ndefu ya dirishani. Sahani ya kweli. Kisu na uma. Sisi wa saiti tunafungiwa kwenye karatasi, tunaenda zetu.

Nikasema leo nakaa. Tangu mke wangu Mama Tumpe afariki, miaka minne sasa, nakula nimesimama. Nyumbani kwenye sinki. Kazini kwenye ukuta. Kama ng'ombe.

Na pale mezani yupo Teresia. Mkenya, mjane. Anakuja na bibi mmoja wa Kihindi kwenye kiti cha magurudumu, Bibi Amisha. Teresia akicheka vioo vya duka vinatetemeka. Siandiki zaidi.

Nimefika kaunta, nimeomba ofa. Poonam akataka kadi ya basi ya wazee. Sina. Akataka kitambulisho. Nikatoa. Akasoma tarehe moja Januari 1970. Akasema hamsini na sita, rudi baada ya miaka minne, nani anafuata?

Nageuka, nani kakaa meza ya wazee, kitambaa shingoni, siki inamtoka kidevuni? Humphrey! Humphrey wa kwetu Tukuyu, niliyemfuta kamasi mimi mwenyewe kwa jani la mgomba! Kadi yake ya basi inasema sitini na mbili. Akanipungia uma. Akasema kwa sauti, dogo Lusajo, mbona huniamkii?

Shikamoo nimpe yeye? Thubutu!

Nimekula nje. Nimesimama. Mvua inanyesha.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Hasira bado. Nimebeba mbao za jipsamu kutwa, haijashuka.

Naandika ukweli ili ujulikane. Kwetu zamani hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Shule uliandikishwa kwa sikio. Mwalimu anakwambia pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, una miaka saba, ingia darasani. Usipofika, rudi kwa mama yako.

Mimi mikono yangu mifupi. Nimerudishwa miaka mitano mfululizo. Mwaka uliofuata mwalimu akanionea huruma, akaniandika miaka saba. Nilikuwa na kumi na mbili! Sauti imeanza kuvunjika!

Humphrey ana mikono ya nyani. Ameshika sikio siku hiyohiyo, akiwa na miaka sita tu. Baadaye akaenda Mbeya kutafuta kazi ya lori. Wakataka mtu mzima. Akajiandikia mwaka anaoupenda.

Kwa hiyo mimi nimepunguziwa miaka mitano, yeye kajiongezea saba. Na yeye ndiye anakula kwa uma.

Nimempigia binti yangu Tumpe, yuko Lewisham, anafanya kazi hospitali. Kiswahili anaelewa chote, anajibu Kiingereza chote. Akasema baba, nunua samaki wa kawaida, ukae. Nikamwambia wewe huelewi. Hili si suala la samaki. Akauliza sasa ni suala la nini. Nikakata simu. Watoto wa London hawajui haki.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Nimeenda na ushahidi. Mkono wangu.

Kiingereza changu ni cha saiti. Kinajua zege, kinajua koleo. Habari ya sikio hakiijui. Nikaona nimwonyeshe Poonam kwa vitendo. Nikapitisha mkono juu ya kofia ya kazi, nikashika sikio la pili. Umefika! Nikageukia foleni ili wote washuhudie. Nikazunguka mara mbili na sikio langu mkononi.

Mzee mmoja wa Kizungu akaniletea kiti, akidhani nimepata kiharusi. Mama mmoja akatoa simu aite ambulensi. Poonam akanipa maji ya sukari. Samaki, hapana.

Humphrey akasema hata nyani anashika sikio. Nikamwambia wewe ndiye unajua zaidi mambo ya ukoo wenu. Teresia akacheka. Kacheka upande wangu. Nimehakikisha.

Bibi Amisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi ya zamani kama sikio bado linaniuma.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Kanisani Humphrey kakaa mbele na wazee. Mchungaji kamsifu kwa busara ya umri. Busara! Huyu aliwahi kumeza gololi mara tatu. Gololi ileile.

Baada ya ibada akanizuia mlangoni, akaninyooshea mkono, akasema hadharani niamkie, dogo, upate baraka. Nikamwambia ng'o! Akina mama wakanitazama vibaya. Wanasema sina adabu kwa wakubwa.

Imetosha. Nahitaji shahidi. Nimempigia baba mdogo huko Tukuyu. Miaka themanini na nane, akili kama wembe. Kakubali. Kasema atavaa koti. Nikamwambia ni simu tu, haonekani. Kasema atavaa hivyohivyo.

Jumanne, tarehe 10 Machi

USHINDI!

Nimeweka simu kaunta, spika wazi. Foleni mpaka mlangoni. Teresia akaja kutafsiri, nilimwomba kwa heshima. Kanukia vizuri.

Baba mdogo kaanza kwa salamu. Kamuuliza Poonam habari za nyumbani, za watoto, za mashamba. Poonam kajibu hana shamba. Baba mdogo kampa pole. Dakika sita zimeisha, mtu mmoja nyuma kaanza kupiga miluzi.

Mwaka wa kuzaliwa Lusajo? Mzee akajibu, mwaka mvua zilipochukua daraja la kijijini. Poonam akauliza ndiyo mwaka gani. Ule baada ya nzige. Teresia akatafsiri nzige. Poonam akachungulia kwenye mafuta yake.

Ndipo mzee akapiga nyundo. Muungano ulipotangazwa redioni, ule wa Aprili 1964, mama yake Lusajo alikuwa na mimba changa. Teresia akahesabu kwa vidole. Akasema kwa Kiingereza safi, ni kweli, sitini na moja.

Humphrey akainuka kubisha. Baba mdogo akasikia sauti. Akauliza huyo si Humphrey? Aliyekuwa anabebwa na Lusajo mgongoni? Duka zima likamgeukia. Mzee akaongeza kwamba hata hivyo Humphrey ndiye aliyekuwa na akili. Nikakata simu kabla hilo halijatafsiriwa.

Poonam akanyoosha mikono juu. Akachana kipande cha boksi, akaandika LUSAJO 61, akagonga mhuri wa duka. Akasema chukua samaki wako, kaa, nyamaza.

Nimekaa. Sahani. Uma. Nilitaka kulia, nikatia siki ili wadhani ni siki.

Teresia kanikatia samaki vipande vidogo vidogo. Kanitafutia miba, ingawa samaki hana miba. Kanifunga kitambaa shingoni. Kasema kula pole pole, mzee wangu. Mzee WANGU! Mbele ya Humphrey!

Humphrey hakumaliza chipsi.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Mpango mpya. Chuma kikiwa moto, gonga.

Kesho mchana Teresia hana shifti. Namba yake ninayo. Kanipa jana mwenyewe, kasema nikijisikia vibaya nimpigie saa yoyote. Mwanamke hampi mtu namba bure bure. Nimempigia, nimemwalika pabu, baa ya Kizungu iliyo karibu na maji, wana pai ya nyama kwa bei ya watu wa kawaida. Kakubali. Kauliza kama kuna ngazi.

Pabu sijawahi kuingia miaka kumi na tisa niliyokaa nchi hii. Mimi Mmoraviani. Lakini pai si pombe.

Nimepiga pasi suruali. Nimeomba ruhusa nusu siku. Nyapara kauliza kuna msiba? Nikasema kinyume chake.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nimevaa tai. Teresia kafika, nimechagua meza ya pembeni. Nikakaa wima nikisubiri mhudumu, kama mtu mwenye hadhi yake.

Nusu saa! Wazungu waliotukuta wanakula tayari. Sisi hata maji. Nikajua, hapa tunadharauliwa. Nikapiga meza kwa kiganja, nikasimama, nikawaambia pabu nzima kwamba pesa yangu na yao zina sura ileile. Watu wakageuka. Mmoja akapiga makofi, sijui kwa nini.

Teresia akanivuta mkono nikae. Kasema alidhani napumzisha miguu; pabu za huku hakuna anayekufuata mezani, unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unarudi na namba. Ati sikuwa najua, mzee? Nikamwambia najua, nilikuwa nawapima.

Kaenda yeye. Karudi na pai yake, imevimba, ukoko wa dhahabu. Mimi kaniagizia supu. Kasema ni laini. Kanionyesha pia choo kiko wapi, nisije nikahangaika.

Nikaona huruma ya mapenzi hiyo. Nikaanza. Nikasema sisi watu wa sitini tunaelewana.

Akaweka uma chini. Sitini nani? Ana hamsini na tatu! Pale kwa Poonam anakuja kazini, yeye ndiye anamtunza Bibi Amisha. Samaki wake ananunua bei ya kawaida, anakaa. Kasema mtu yeyote anakaa meza ile. Ofa ni ya bei, si ya kiti. Si ungekaa tu?

Nikanywa supu.

Halafu akafungua moyo. Kasema ananiongelesha kama baba yake. Kasema akipata mtu ataolewa tena, ila si mzee, hapana, Mungu amsamehe. Jumatatu mpaka Jumamosi anaosha wazee, anavalisha wazee, anafukuzana na wazee kwenye korido. Nyumbani anataka mwanaume wa kubeba sanduku mpaka ghorofa ya nne bila kukaa njiani.

Mimi nabeba jipsamu ghorofa ya saba! Mbili mbili! Nikamwambia. Akanipapasa mkono, akasema ndiyo, ndiyo, mzee, tumalizie supu.

Nikamwambia nina hamsini na sita, kitambulisho hiki hapa. Hakukitazama hata. Kasema alimsikia baba mdogo kwa masikio yake.

Mzee yule! Nani kamwambia aseme kweli yote?

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nimemrudishia Poonam kipande chake cha boksi mbele ya foleni. Nimetaka samaki mkubwa, bei kamili, kama kijana. Nikaweka kitambulisho kaunta. Serikali ya Malkia imesema hamsini na sita. Mtu mmoja kwenye foleni akasema sasa ni mfalme. Nikamwambia hata mfalme atasema hivyohivyo.

Poonam kakataa! Kasema amepoteza wateja wanne Jumanne kwa ajili ya umri wangu, na umri huo nitabaki nao. Kanipa samaki mdogo. Njegere. Chai.

Teresia anatazama. Lazima nifanye kitu. Nikamwona Humphrey anatafuna.

Nimeuma meno. Nimetembea mpaka mezani, nimeinamisha kichwa. Nimesema kwa sauti ya kufika barabarani, SHIKAMOO, KAKA HUMPHREY!

Humphrey kapaliwa. Kapigwa mgongoni na watu watatu. Alipopata pumzi hakusema marahaba. Kamgeukia Teresia, kasema kwa haraka kwamba yeye pia si mkubwa kivile, ni makaratasi tu, ana hamsini na tano. Mnafiki! Kumbe na yeye!

Tukabishana nani mdogo. Nikasema nilibebwa mgongoni na yeye. Yeye kasema hapana, mimi nilibebwa na wewe, shahidi yupo, baba mdogo kasema. Nikasema baba mdogo kazeeka, hajui siku. Poonam kaziba masikio.

Teresia kamnong'oneza Bibi Amisha, nimesikia. Kasema maskini hawa wawili, wameanza kuchanganyikiwa. Kachukua uma wangu. Kanikatia samaki. Kamkatia na Humphrey.

Bibi Amisha kasema tumuone daktari mapema.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Sijashindwa. Mtu akikataa maneno, anaonyeshwa.

Nimejiandikisha timu ya vijana ya kanisa. Mechi kesho baada ya ibada, na vijana wa kanisa la Ilford. Teresia atakuwepo, nimeuliza. Jezi namba tisa. Nimenunua viatu vya njumu, vyekundu, na dawa ya nywele nyeusi. Nimejipaka, imeshachafua mto wa kulalia.

Tumpe kapiga simu. Kaniuliza kama nimeshakaa tu na samaki wa kawaida. Nikamwambia baba yako kesho anacheza mbele.

Kocha ana miaka ishirini na mbili. Kanitazama, kakohoa, kasema kwa heshima nyingi kwamba labda ningekaa golini, nisikimbie sana.

Nimekataa. Golini wanakaa wazee.