Alipigana Bumula

Jumatatu, 2 Septemba 1957. Bungoma.

Amekuja tena. Kuku wa tatu tangu mwezi uliopita. Jina lake Mukhisa, lakini tangu agombee kiti cha baraza la wilaya anataka aitwe Sajini. Anakalia kiti cha marehemu baba, anapanua miguu, anamsimulia mama jinsi kaka yangu Wakhungu alivyokata roho mikononi mwake vitani Burma, Septemba 1944. Kila akija, kifo kinaongezeka. Mwanzoni ilikuwa risasi moja. Leo zilikuwa tatu, na mto uliofurika, na Wajapani juu ya miti. Mama akamwongezea paja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi Wakhungu alipokufa. Mtu huyu anatafuna jina lake pamoja na mifupa.

Akaniuliza, mwalimu, mbona umenuna, hata Wajapani walikuwa wakicheka. Mama akacheka.

Kisha mama akatoa lake. Ijumaa ya wiki ijayo kuna mkutano wa kura Chwele. Nishani ya Wakhungu, ile ya shaba tuliyoletewa na serikali ndani ya kisanduku, atambandika Mukhisa kifuani mbele ya watu wote. Ya kwake mwenyewe ati ilianguka baharini akirudi.

Hataivaa. Naandika hapa kwa wino: hataivaa.

Jumatano, 4 Septemba.

Nimeomba ruhusa shuleni kwa uongo wa jino. Wilkista, tunayefundisha naye, aliuliza mbele ya walimu wote ni jino gani. Nikasema la kushoto. Akasema jana nilitafuna mahindi upande huohuo. Angefaa polisi huyu.

Nikaenda Bumula, si mbali na hapa. Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba Mukhisa hakufika vitani, na minong'ono haitoshi. Karani wa zamani wa mahakama ya wazee alinifungulia daftari. Mukhisa, Juni 1944: alipigana kwenye pombe, akawang'oa watu wawili meno, kifungo miezi sita. Chanzo ni kwamba alinyonya busaa kwa mrija wa mtu mwingine. Karani alieleza kuwa wazee hawakujali sana meno. Mrija ndio uliowaudhi.

Kwa hiyo Septemba ile, kaka yangu alipokuwa akifa, Mukhisa alikuwa akiponda kokoto jela.

Nilicheka njia nzima. Si kwa furaha.

Alhamisi, 5 Septemba.

Nimeandika habari kwa ajili ya Tarumbeta, gazeti la kila wiki la Kitale. Sentensi nne tu. Ukweli hauhitaji mkia. Busaa na mrija nimeviondoa, havifai katika maandishi safi. Neno "jela" nalo nimeliona la sokoni, nikaweka "ndani". Hii hapa:

"Mukhisa hakupigana Burma. Alipigana Bumula, Juni 1944, akaumiza watu wawili. Akakaa ndani miezi sita. Daftari la serikali linathibitisha."

Nimeisoma kwa sauti mara tano. Chini nimetia jina kamili: Edah Nasimiyu, mwalimu, dada wa marehemu Wakhungu. Watu wajue ni nani aliyemwangusha. Imeondoka na basi la saa nne.

Jumanne, 10 Septemba.

Gazeti limefika. Wilkista amelisoma kwa sauti katika chumba cha walimu, amesimama. Kichwa cha habari: SAJINI ALIKUWA BURMA. Halafu: "Mukhisa alipigana Burma, Juni 1944, akaumiza watu wawili. Akakaa ndani miezi sita. Daftari la serikali linathibitisha."

Halafu jina langu. Herufi nene.

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akawafafanulia hiyo "ndani": ndani ya msitu. Miezi sita ndani ya msitu, akasema, si mchezo. Wilkista akanishika bega, ati hakujua nina moyo laini hivyo.

Nimevunja chaki mbili na rula moja. Watoto walisoma kimya hadi kengele.

Jumatano, 11 Septemba. Kitale.

Jino tena. Mhariri, Bwana Kimaiyo, alinipokea kwa tabasamu akasema toleo limekwisha lote, niandike tena. Nilipomwambia nilichotaka kumwambia, tabasamu likaisha nalo. Akamwita Abdirashid, mpanga herufi. Akaja na vidole vyeusi, hana wasiwasi wowote.

"Dada, nyinyi wa Bungoma, r na l kwenu ni ndugu," akaniambia. "Nikaona Bumula, nikajua ni Burma imepita mdomoni mwa Mbukusu. Sasa ikawa hakupigana Burma, alipigana Burma. Si nikaona umejichanganya? Nikakutolea ile ya kwanza."

Akangoja shukrani.

Nikamwambia Bumula ni mahali. Kuna soko, kuna maduka, kuna kanisa. Akataka kujua kama vita vilifika huko. Ikabidi nimweleze habari ya mrija, mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wanaume wawili. Walicheka mpaka Kimaiyo akavua miwani.

"Si ungeandika hiyo, bana," Abdirashid akasema. "Hiyo ningekupangia kwa herufi za tangazo la sinema."

Sahihisho litatoka Jumanne. Mkutano ni keshokutwa.

Ijumaa, 13 Septemba. Chwele.

Mpango ulikuwa huu: nimuulize mbele ya watu mwaka 1944 alipigana wapi. Aseme Burma. Nitaje daftari, mwezi, meno. Mama asikie, asipande jukwaani.

Nilisimama karibu na wauza ng'ombe nikauliza. Mukhisa hakusema Burma. Alichomoa gazeti mfukoni.

"Mwalimu wetu ni mnyenyekevu," akawaambia. "Ananiuliza jambo ambalo ameliandika yeye mwenyewe." Akasoma jina langu kwanza, polepole, kisha yale mengine.

Nikapaza sauti: Bumula. Tena: Bumula. Mzee mmoja nyuma yangu akaitikia. Kisha wanawake wa mboga. Kisha soko zima, Bumula, Bumula, wakipiga miguu chini, wakidhani namshangilia, Burma kwa matamshi ya nyumbani.

Mama akapanda. Akabandika nishani. Mukhisa akainama amsaidie kulifikia shati, akamwita Mayi, kama mwana anavyomwita mamaye kwetu, na mama akamgusa shavu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 15 Septemba.

Nimemwambia mama yote. Daftari, mrija, meno, jela. Aliendelea kuchambua kunde. Nilipomaliza akasema anajua. Siku ile alikuwa Bumula akiuza mtama. Jino moja liliangukia karibu na kikapu chake.

Nikamuuliza basi kuku ni wa nini. Nishani ni ya nini.

"Miaka kumi na mitatu," akasema, "nani mwingine ameketi hapa akaniambia Wakhungu? Baba yako alikufa hajalitaja hilo jina. Wewe ukilisikia unatoka nje. Huyu mwongo hajamaliza chai amelitaja mara ishirini. Kuku ni nini?"

Halafu akanisogezea kigoda. Akaniomba niketi nimweleze ninachokumbuka, hata kidogo, hata jinsi Wakhungu alivyokuwa akinibeba mabegani kwenda mtoni.

Sasa nimeona nilipokosea. Sentensi nne zilikuwa nyingi mno. Safari hii inakwenda kwa gazeti la Nairobi, kwa Kiingereza, sentensi moja, na neno Bumula nitalipigia mistari mitatu chini. Nimeshaharibu karatasi sita.

Mama ananiita tena kutoka jikoni. Nimemjibu asubiri, nina kazi. Naandika habari za Wakhungu.