Dimbwi Lililobadili Uraia

Mwezi wa nne huku Dakota Kaskazini ni mwezi wa maneno. Theluji imeyeyuka, mashamba ni tope tupu, trekta ukiliingiza unakwenda kuazima jingine la kulivuta. Basi wanaume wazima tunajazana mgahawani kwa LaVonne, meza ya dirishani, kunywa kahawa nyepesi na kuitukana Washington. Mimi wananiita Kilo, kwa sababu napima nafaka pale ghala la ushirika.

Siku hiyo aliyewasha moto ni Redio. Kanisani anaitwa Duane, lakini simu haimtoki mkononi na taarifa ya habari haimkauki mdomoni.

"Haya, sikilizeni ujinga mpya," akasema, miwani iko ncha ya pua. "Serikali kuu imetoa pendekezo la kubadili kanuni ya maji. Tena! Wanataka kueleza upya maji gani ni ya shirikisho na maji gani ni ya mwenye shamba."

"Si walishaeleza?" nikauliza.

"Walieleza. Wakaja wengine, wakaeleza kwamba wale wa kwanza hawakueleza. Sasa na hawa wanaeleza."

Seneta akaguna. Huyu ni Orlin, aliwahi kugombea ubunge wa jimbo akapata kura za ukoo wake, tena si wote. Tangu hapo ni mtaalamu wa serikali.

"Nyie hamwielewi Washington," akasema. "Kule kuna watu wameajiriwa kuandika kanuni, na wengine wameajiriwa kuzifuta. Wakielewana, wote njaa! Ukitaka kufuta kanuni ya ukurasa mmoja, sharti uandike kanuni ya kurasa mia ya kuifuta. Na hiyo nayo wananchi waitolee maoni."

"Kuna kipindi walibishana bomba la kuogea litoe maji kwa kasi gani," Redio akadakia. "Watu wamesoma mpaka upara, wamekaa kikao kujadili mimi naoshaje mgongo!"

"Mgongo wako hauhitaji kanuni, unahitaji brashi ya ng'ombe," LaVonne akamjibu akipita na birika. Huyu mama ndiye mwenye mgahawa, na ulimi wake una makali kuliko visu vyake. "Seneta, keki?"

"Aa, nimeshiba, mama."

"Kipande kidogo?"

"Usijisumbue bwana."

"Ya plamu, imetoka jikoni sasa hivi."

"Haya basi, kwa kuwa umesisitiza."

Ndivyo tulivyolelewa hapa. Kitu ukipewa unakataa mara mbili, ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona mlafi, au hana mama.

Bata peke yake alikuwa kimya. Anatikisa kikombe cha kete tu, zile tunazorusha kila asubuhi kuamua nani atawalipia wenzake kahawa. Jina lake ni Verlyn. Bata ni jina alilopewa kwa ajili ya dimbwi lake.

"Mbona umenuna?" Redio akamchokoza. "Habari hii si ya kwako kabisa?"

"Niseme nini?" Bata akafoka. "Babu yangu alitoka Norwe, akabadili uraia mara moja, akatulia mpaka kaburini. Dimbwi langu halitulii! Serikali hii ikiingia, ni la taifa. Ikitoka, ni langu. Nikiita lori la changarawe, kabla halijafika getini dimbwi limeshakuwa la taifa tena! Na mwezi wa nane halipo kabisa, jamani. Ng'ombe anakatiza pale halowi hata kwato."

"Lakini lina jina zuri," Seneta akasema. "Ardhi oevu."

"Oevu mwenyewe!"

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halichekeshi. Bintiye Janelle na mumewe wamechoka na maisha ya mjini Fargo, wanataka kurudi kujenga kule kwa Bata, kwenye kilima nyuma ya dimbwi. Hakuna pengine pa kujenga, na njia ya kufika kilimani inapita dimbwini. Lazima limwagiwe changarawe. Mwenye lori anaogopa faini, hamwagi hata sepetu moja mpaka mtu wa serikali aje apime, aseme ni maji ya nani. Miaka imepita Bata anapigwa danadana. Sasa huko Fargo wamepata nyumba ya kununua, na muuzaji anataka jibu Ijumaa. Bata mkewe alifariki, hana mwingine zaidi ya binti huyo.

"Mimi natamani wamlete mmoja wao hapa," Seneta akasema, akitunisha kifua. "Mmoja tu! Nitamwambia, chukua kanuni yako ukazibie dirisha."

"Mimi nitamnywesha hilo dimbwi," Redio akasema. "Kikombe kwa kikombe! Akimaliza nimuulize, haya, la nani?"

"Mimi nitampeleka nimsimamishe katikati," Bata akasema, mishipa imemtoka shingoni. "Nimwambie, dada au kaka, nionyeshe mto. Nionyeshe meli zinapita wapi!"

Hata mimi, msema kweli, nilipiga meza nikasema nitampima kwenye mzani wa nafaka niandike "takataka".

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia dada mmoja, buti za mpira zimejaa tope, koti lina nembo ya serikali kuu kifuani. Akatabasamu. "Samahanini. Naitwa Colleen Tharp. Natoka ofisi inayoshughulikia ile kanuni ya maji. Napita kusikia maoni ya watu."

Lo! Uwaone sasa hao simba. Kofia zilivuliwa zote kwa mpigo. Seneta, yule wa kuzibia dirisha, akavuta kiti.

"Karibu dada, kaa hapa, kuna joto."

"Njia ilikuwaje?" Redio akauliza kwa sauti ambayo hata mkewe hajawahi kuisikia.

"Tope tupu. Nilidhani nitakwama."

"Mwaka huu si mbaya sana," Bata akasema. Jana yake tulimtoa topeni kwa matrekta mawili.

LaVonne akamuuliza mgeni kama atakula keki. "Asante sana!" akasema, akavuta sahani. Mara ya kwanza! Tukatazamana. Huyu si wa huku.

"Enhe," akasema akitafuna, "hili pendekezo jipya mnalionaje? Lina tatizo lolote kwenu?"

Tukachungulia vikombe vyetu. Nikasikia friji inavyonguruma.

"Si baya," Seneta akasema.

"Kila kitu kina mazuri yake," Redio akaongeza.

Akanigeukia mimi. Nikamwambia tupo, tunaendelea, mvua nayo imekuwa ya wastani. Mungu anione.

"Vizuri," akasema. "Niko na mpimaji, tunaondoka kesho. Tuna nafasi ya kupima eneo moja tu hapa, na jibu tunalitoa hapo hapo, kwa maandishi. Kuna mwenye eneo linalomsumbua?"

Macho yote kwa Bata. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Uso ulikuwa umemwiva kama nyanya.

"Aa," akasema, "tusikusumbue bwana."

Dada akamtazama. "Si usumbufu, ndiyo kazi yangu. Huko barabarani nimeambiwa kuna mzee mwenye dimbwi, bila shaka ni wewe. Una hakika hutaki lipimwe?"

Mara ya pili hiyo.

"Dimbwi lenyewe dogo tu," Bata akasema, akipapasa kofia. "Bata wanalipenda. Wako watu wana shida kubwa kuliko mimi."

Akangoja. Sote tuliingoja ya tatu. Seneta alikuwa tayari amefungua mdomo wa kumpongeza.

"Nimefurahi kusikia hivyo," dada akasema. Akainuka, akamshukuru LaVonne kwa keki, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akatoka.

LaVonne akaweka birika mezani kwa kishindo. "Verlyn! Una wazimu? Mwenzio amekuja mpaka mlangoni!"

"Ameuliza mara mbili tu," Bata akasema, haamini.

"Yule katoka mjini, atajuaje? Mficha maradhi kilio humuumbua! Huyo hapo nje bado anagonga tope kwenye buti. Nimwite?"

Tulimwona dirishani, mguu mmoja juu ya ngazi, anagonga.

"Aa, atachelewa safari yake," Bata akasema.

"Basi nenda wewe!"

"Nitaonekanaje, mama, kumkimbilia mtu njiani?"

Dada akamaliza mguu wa pili, akapanda gari, akaondoka.

Haikupita muda simu ya Bata ikalia. Ni Janelle. Simu ya mzee ina sauti kubwa, hatukuhitaji kutega sikio.

"Baba, nasikia mtu wa serikali anapita huko. Kafika?"

"Kafika. Dada mzuri."

"Ulimwambia kuhusu dimbwi?"

"Tuligusia."

"Baba, mwenye nyumba ya Fargo ananisubiri. Nimwambie tunachukua, au unataka turudi?"

"Msijisumbue kwa ajili yangu, mama."

"Una hakika, baba?"

Bata akakiinamia kikombe chake. "Fargo si pabaya," akasema.

"Haya," Janelle akasema taratibu. Simu ikakatika.

Bata akaiweka mezani akaitazama, labda italia tena. Haikulia. Hakuna aliyemwangalia usoni. Mimi nilijitia kuhesabu kete.

Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Haya ndiyo ninayosema kila siku! Serikali hii haisikilizi watu!"

"Kabisa!" Seneta akasema.

"Wanakuja, wanakula keki zetu, wanaondoka!"

"Kabisa!" nikasema na mimi.

LaVonne akaja na birika, macho mekundu, sijui ni hasira au ni nini. Akasimama mbele ya Bata.

"Kahawa?"

"Aa, inatosha, mama, asante."

LaVonne akageuka, akaenda zake jikoni na birika lake. Bata akabaki ameshika kikombe kitupu, akimngoja arudi.