Mfereji wa Damu ya Celina

Jumapili, 10 Mei 1998
Nimepata! Gazeti lililofungiwa nyama linasema wataalamu wa ng'ambo wamegundua jinsi uvimbe wa saratani unavyoishi. Hujichimbia mishipa yake ya damu. Ukiikata, unanyauka. Hilo ni la kushangaza? Mimi ni mwenyekiti wa mfereji wa maji hapa Kianjai. Jirani yangu Muthamia alipojichimbia tawi la wizi nilifunga lango, kabeji zake zikafa. Sasa dada yangu Celina ana saratani ya njia ya uzazi, anangoja zamu ya kuchomwa kwa miale Nairobi. Anakaa kwangu kwa sababu niko karibu na lami. Kazi ni kwangu.

Jumanne, 12 Mei
Kizuizi kimoja: shemeji Kobia, mume wake. Kila jioni analeta maharagwe ya njahi na supu ya mbuzi, eti mgonjwa aongezwe damu. Nilimweleza kwamba anamwagilia magugu. Akauliza ni daktari yupi amesema hivyo. Nikamjibu mfereji ni mfereji. Alicheka mpaka akakohoa. Ataona.

Jumatatu, 18 Mei
Mambo yanaenda. Kobia akiondoka tu, supu nakunywa mimi, njahi nakula mimi. Mshipi unanibana. Celina anapata uji mweupe na kabeji. Nimemwambia ni amri ya hospitali, naye ameamini. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Leo alishika ukuta akienda chooni. Niliogopa sana. Nikajiambia ni uvimbe unaonyauka. Supu haikuwa tamu, lakini niliimaliza.

Alhamisi, 28 Mei
Nairobi. Aibu! Walipima damu ya Celina, wakakuta ni kidogo mno. Miale imeahirishwa, zamu yake amepewa mama mwingine. Daktari Wawira, mwanamke wa Embu mwenye subira, alitueleza polepole. Miale huua vizuri penye hewa, na hewa huletwa na damu. Sehemu ya uvimbe inayokosa damu hujikaza. Miale hupita, yenyewe ikabaki. Nikamuuliza kuhusu mishipa ya gazetini na kumnyima mgonjwa chakula. Ni kweli uvimbe hulishwa na ile mishipa, akasema, ila kumnyima mgonjwa chakula hakuikati. Kunampunguzia yeye damu, na miale inakosa nguvu. Halafu akauliza Celina amekuwa akila nini. Celina akanitazama. Akajibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosa hamu ya chakula. Alidanganya kwa ajili yangu! Nilitoka nje nikalia nyuma ya maabara.

Ijumaa, 26 Juni
Celina yuko wiki ya pili ya miale. Kobia alimpeleka kwa binamu yake huko Nairobi na anampikia mwenyewe, maini na mboga ya terere, mpaka damu ikapanda. Uvimbe umeanza kupungua. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, mke wangu akadhani kuna mwizi. Nimefikiri sana tangu asubuhi. Kila mtu anamsifu Kobia. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeudhoofisha uvimbe kwanza. Mimi! Miale ilikuta umeshachoka kwa njaa. Kosa langu ni kwamba niliacha mapema. Bahati nzuri Veronicah, mke wa Thuranira wa hapa kijijini, ana uvimbe shingoni. Nimemtumia ujumbe asile chochote mpaka nifike.