Mtungi Wangu Si Mtoto wa Kikombe cha Dada Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Vinasaba,

Pole na kazi. Natumaini wewe na watafiti wako hamjambo, na mashine zenu pia, ingawa kuhusu mashine nina langu la kusema hapa chini.

YAH: MALALAMIKO YA KUSHUSHWA CHEO NA MASHINE

Mimi ni mwokaji mikate. Mtanikumbuka. Mtafiti wenu mwenye miwani alikuja dukani kwangu mwezi uliopita, akanieleza kuwa mnasoma vinasaba vya viumbe wa kila aina, popo, uyoga, mwani, siafu, na sasa mmefika kwenye chachu za mikate. Akachota kijiko kimoja kutoka mtungi wangu, akakitia kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Nikampa na mkate wa moto, akaumaliza akiwa amesimama. Kumbe namlisha atakayeniumbua.

Ili mnielewe: marehemu mama alikuwa na chachu moja, aliyoilisha unga na maji kila siku ya maisha yake. Alipofariki, miaka sita iliyopita, tuliigawa mimi na dada yangu mdogo. Mimi nilichukua mtungi, yeye akapewa kikombe kimoja, akafungua duka lake mtaa wa pili. Watu walipoanza kusema mkate wake ndio wa mama hasa, nilitundika kibao: CHACHU HALISI YA MAMA IKO HAPA TU, KWINGINE NI MAJI YA UNGA. Tangu siku hiyo hatusemezani. Yeye hakujibu hata neno moja, nami nikajua amekosa la kusema.

Jumatatu ripoti yenu ikafika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa tatu mmechora mti wa ukoo, mkaweka chachu ya dada yangu juu na yangu chini yake, kama mtoto. Mimi ni kifungua mimba. Huyo dada yangu nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Leo mtungi wangu ukiamkie kikombe chake shikamoo?

2. Hesabu hamjui. Mnasema mmehesabu mabadiliko madogo madogo yaliyojikusanya kwenye vinasaba, mkaona chachu hizi mbili zilitengana miaka minne iliyopita. Minne! Tuligawana miaka sita iliyopita, na mashahidi wapo. Mtu anayepotea miaka miwili kwenye jambo la juzi, atatuambia nini kuhusu popo wa miaka milioni? Nawaonea huruma hao popo.

3. Ukurasa wa saba mmeandika kwamba karibu theluthi ya vinasaba vya chachu vina wenzao ndani ya mwili wa binadamu, kwa kuwa zamani sana sisi na chachu tulikuwa ukoo mmoja. Mchomaji wangu, tunayemtania kwa jina la Moshi, aliisoma sentensi hiyo mbele ya tanuri. Tangu hapo hasukumi mkate ndani kabla hajainama na kuuomba radhi. Mikate inachelewa. Fundi cherehani, mteja wangu wa miaka mingi, akaniuliza kama kila asubuhi amekuwa akila binamu zake. Nilimwambia ni wa mbali sana. Siku hiyo alinunua nusu mkate.

4. Hili linatokana na la tatu, wala sikulitunga, nimefuata sayansi yenu tu. Kama chachu ni ndugu, basi ni ndugu mkubwa kuliko sisi sote, maana alikuwapo kabla ya babu wa babu. Ndugu mkubwa lazima akalishwe kwenye kikao cha ukoo. Akikalishwa lazima asikilizwe. Na kwa kuwa hasemi bali huumuka tu, itabidi kuumuka kuhesabiwe kuwa ni ndiyo. Hapo atakubali kila jambo litakaloletwa mezani, hata la dada yangu, na ukoo mzima utakuwa umeharibiwa na maabara.

5. Popo, uyoga na siafu hawajawaandikia kwa sababu hawajui kusoma. Msidhani kimya chao ni kuridhika.

Kwa hiyo naomba mti uchorwe upya, mtungi juu, kikombe chini. Minne ifutwe, iandikwe sita. Tena mnipe barua yenye mhuri niibandike chini ya kibao, dada yangu aione akipita. Maana hupita kila asubuhi, upande wa pili wa barabara. Hukitazama kibao, kisha hutazama chini. Sitaki kusema kwamba inaniuma. Inaniuma.

Nisalimieni mtafiti mwenye miwani, mlinzi wa getini, na wote wanaoosha vile vichupa.

Wenu katika kutafuta haki na mkate laini,

Mwokaji, Mwenye Mtungi Halisi

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alipofika namba mbili alikaa juu ya gunia la unga akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli. Akaniuliza kama nakumbuka nilipolazwa hospitali wiki tatu. Nakumbuka. Ni miaka minne sasa. Kumbe mtungi ulisahauliwa juu ya tanuri, chachu ikafa, ikanuka. Mke wangu akaenda kwa wifi yake, kwa mlango wa nyuma, na kisufuria. Dada yangu alikijaza, akasema: “Peleka, wifi, ila usimwambie. Akijua hataoka tena.”

Miaka minne anapita mbele ya kibao kinachomtukana, na anajua mkate uliomo ndani umeumuka kwa chachu yake.

Malalamiko yote nayafuta. Waambieni popo hesabu yao ni sahihi. Barua naituma tu kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Kibao Moshi amekitia tanurini, wala hakukiomba radhi. Mimi naondoka sasa hivi kwenda mtaa wa pili na mkate mmoja wa moto. Sijui nitaanzaje, maana safari hii aliyekosa la kusema ni mimi. Mke wangu anasema nipite mlango wa nyuma, huwa haufungwi.